Gasketi Aliyoikata Raudha

Mkono wa kushoto wa Ibrahimu ulikufa Jumanne asubuhi, akiwa anakunywa uji. Kikombe kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, na kabla hajaanguka kutoka kwenye kiti alikuwa ameshamtukana mkewe kwa kumpa kikombe kinachoteleza. Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani Ngokolo alitembea kwa fimbo, akiburuza mguu, mkono ukining'inia kama si wake. Kilichowahi kupona ni ulimi.

"Hii chumvi umeitia au umeimwaga?" alimwuliza Raudha siku ile ile ya kwanza.

Raudha akachukua bakuli, akaenda kuongeza maji kwenye mchuzi. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka thelathini na miwili na alijua kwamba ukimjibu neno moja anakurudishia kumi. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Amira, ambaye alifariki akiwa na miaka minne. Baada ya hapo Raudha hakushika mimba tena. Alishona nguo barazani, Ibrahimu akatengeneza mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka alipostaafu, na katikati ya miaka hiyo akaoa mke wa pili, Nyamizi, huko Kharumwa, alikokuwa akienda kuwatengenezea wachimbaji wadogo pampu zao. Hakuficha. Alimwambia Raudha kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la bati ambalo Ibrahimu aliliita gereji. Humo, chini ya turubai, ilikaa Honda XL 175 ya mwaka 1975, pikipiki aliyoipata kwa padri mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imekufa injini tangu mwaka 2000. Kila mwaka Ibrahimu alisema ataifufua, na kila mwaka kuku walitaga chini yake.

Miezi miwili baada ya kiharusi akalivua turubai kwa mkono mmoja.

"Sasa nina nafasi," alisema.

Aliwaita mafundi wawili wa mjini wamsaidie, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikaa siku mbili. Wa pili aliondoka kabla ya adhuhuri, akasema afadhali akachimbe mashimo ya vyoo. Siku iliyofuata Ibrahimu aliketi kwenye kigoda mbele ya injini, akaita:

"We Raudha! Njoo ushike hapa."

Ndivyo Raudha alivyokuwa mkono wa kushoto wa mumewe.

Mwanzoni hakujua hata jina la spana. Ibrahimu alimfundisha kwa matusi. Akikosea bolti, alipigwa fimbo kwenye kifundo cha mguu. Akiuliza swali, aliambiwa kichwa chake ni cha kubebea kuni. Siku moja aliangusha ringi ya pistoni ikavunjika vipande viwili, na Ibrahimu akamlazimisha apige magoti kwenye sakafu yenye oili aokote vipande hivyo, akavitazama, akavitupa tena chini.

"Okota tena. Ili ujue umevunja nini."

Aliokota.

Lakini vidole vya Raudha vilikuwa vya mshonaji. Vilizoea vitu vidogo, na macho yake yalizoea kupima kwa kutazama. Baada ya mwezi alikuwa anajua valvu ya kuingiza na ya kutoa. Alisugua valvu kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia, akizungusha taratibu kwa viganja, mpaka mafuta ya taa waliyoyamimina juu yake hayakuvuja hata tone. Silinda ilipelekwa kuchongwa Mwanza, ikarudi na pistoni mpya. Raudha aliosha kila kipande kwa brashi, akakifunga kwa kitambaa safi, akakipanga juu ya meza kwa mfuatano wa kurudishwa kwake.

Siku ile ya valvu Ibrahimu aliyatazama yale mafuta yasiyovuja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Raudha hakuwa ameisikia kwa muda mrefu:

"Umeweza, Mama Amira."

Tangu mtoto afe alikuwa hajamwita hivyo. Raudha aligeukia meza akajifanya anatafuta kitu. Usiku alilala akiwaza kwamba huenda ugonjwa ulikuwa umemfanya mtu huyu kuwa mtu. Kwa wiki mbili aliingia bandani bila kuitwa. Alianza hata kuipenda harufu ya petroli.

Sehemu za kubana katikati ya vyuma zilihitaji gasketi mpya, na gasketi za pikipiki hiyo hazikupatikana Shinyanga wala Kahama. Ibrahimu akaagiza karatasi ngumu ya kukatia, akampa Raudha kazi hiyo, kwa kuwa mkasi ndicho kitu pekee alichokubali kwamba mkewe anakijua. Akamwonyesha gasketi kuukuu ya chini ya silinda.

"Hili kubwa la katikati ni la pistoni. Haya manne ni ya bolti. Na hili hapa pembeni, unaliona? Dogo kama punje ya mtama. Hapa ndipo oili inapopanda kwenda juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Hili ukilisahau, juu kunakauka. Injini itawaka vizuri, itakuchekea, itakwenda, halafu itajishika ghafla. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Raudha akarudia kila neno.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha banda, karatasi mapajani, ameshakata tundu kubwa na yale manne, simu ya Ibrahimu ilipolia. Ibrahimu alipokea palepale, akaweka sauti ya juu kwa sababu sikio lake moja lilikuwa zito.

"Shikamoo, baba." Alikuwa Mayala, mtoto wake wa Kharumwa, mwana pekee wa Nyamizi.

"Marahaba, mwanangu! Harusi yako imefikia wapi?"

"Wiki tatu zimebaki, baba. Na hiyo Honda?"

"Inakaribia. Utakuja kuichukua mwenyewe. Hiyo ni yako, nilikuambia. Ndiyo iliyonileta kwako ulipozaliwa. Nilikuja na sukari na khanga za mama yako nimezifunga nyuma. Hiyo pikipiki ni ndugu yako."

Mayala akacheka. Ibrahimu naye akacheka, nusu ya mdomo.

Raudha aliikumbuka sukari. Mwaka 1998, mwezi wa tatu, Amira aliamka na homa, na kufikia saa tatu asubuhi macho yake yalikuwa yameanza kupanda juu. Ibrahimu alikuwa uani anafunga mfuko wa sukari na khanga nyuma ya pikipiki. Raudha alimshika mkono akamwambia, Baba Amira, tupeleke hospitali kwanza, ni hapa tu, utaondoka baadaye. Ibrahimu alimjibu kwamba mzigo umeshafungwa. Alimwambia homa haiui mtu, mbebe mgongoni. Kisha akapiga kiki, injini ikawaka mara moja, akaondoka kwenda kumwona mtoto wa kiume wa siku tatu. Raudha alimbeba Amira mgongoni akakimbia juani. Akiwa barabara kuu, mtoto alikakamaa mara moja, akalegea. Alimzika jioni hiyo pamoja na majirani. Ibrahimu alirudi siku ya tano, akasema ni kazi ya Mungu, akauliza kama kuna chakula.

"Gasketi imeisha?" Ibrahimu alikuwa amekata simu.

Raudha alitazama karatasi mapajani. Alibakiza tundu moja.

"Imeisha," akasema.

Aliiweka mwenyewe mahali pake siku hiyo hiyo, kwa kuwa Ibrahimu alihitaji mkono wake mmoja kubana ringi za pistoni. Silinda ikashuka juu ya gasketi, ikaifunika. Bolti zikakazwa.

Wakati huo alitaka kitu kimoja tu. Alitaka injini ife mbele ya macho ya Ibrahimu, hapo uani, mwanawe akitazama. Alitaka aone kitu anachokipenda kikinyamaza, na asiwe na la kufanya. Zaidi ya hapo hakuwaza.

Mayala alifika Jumamosi asubuhi kwa basi. Raudha alikuwa hajamwona tangu akiwa mtoto wa shule. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na sita, mrefu, mikono mikubwa, fundi wa pampu kwenye mashimo ya wachimbaji. Aliinama mbele yake mpaka goti likakaribia kugusa ardhi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Mama anakusalimu sana. Kakuletea hii." Akampa kitenge kipya, na mfuko wa karanga.

Raudha alivipokea. Hakujua aviweke wapi.

Honda ilisukumwa uani. Oili mpya ilimiminwa, petroli ikatiwa. Mayala akapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu injini ikawaka kwa mlio mzito wa taratibu, kama vile miaka ishirini na minne haikupita. Ibrahimu alilia. Machozi yalimtoka jicho la kulia tu.

Kisha ufundi ukamrudia. "Subiri. Iache hivyo hivyo. Raudha! Fungua kile kifuniko kidogo cha valvu, uchungulie. Oili imefika juu?"

Yeye mwenyewe hakuweza kuinama. Mayala alikuwa ameshika mkono wa mafuta. Raudha alichuchumaa upande wa pili wa injini, akafungua kifuniko kwa spana, akachungulia. Juu kulikuwa na utando wa oili waliyoipaka kwa mkono wakati wa kufunga, tayari unaanza kukauka kwa joto. Kutoka chini hakikupanda kitu.

"Vipi?"

Alidhani bado kuna muda. Alidhani wataiacha ingurume pale uani nusu saa, kama Ibrahimu alivyosema tangu mwanzo.

"Imefika," akasema, akafunga.

"Basi panda, mwanangu. Nenda."

Raudha akasimama ghafla. "Sasa hivi? Si ulisema iwashwe kwanza hapa?"

"Nani kakuuliza?"

"Si ale kwanza. Wali uko tayari."

"Nitakula Kahama, mama mkubwa," Mayala alisema akitabasamu. "Nikichelewa mvua itanikuta njiani."

"Mwanangu, ngoja…"

"Mwache mtoto!" Ibrahimu alipiga fimbo chini. "Mwanamke ana mkosi huyu, kila safari lazima azuie. Mayala, usizidi hamsini mpaka Kahama. Injini bado mpya."

Neno lilikuwa mdomoni mwa Raudha. Lilikuwa fupi. Alichopaswa kusema ni hili tu: nimeziba tundu. Alimtazama Ibrahimu, akaliona lile tabasamu la nusu mdomo likimwelekea Mayala, na ndani yake furaha ile ile aliyokuwa nayo akifunga mzigo wa sukari. Akafunga mdomo. Mayala aliinua mkono kumuaga, akatoka getini, na mlio ukaenda ukififia kuelekea barabara kuu.

Mayala alipita Tinde salama. Kilomita chache mbele yake, kwenye mteremko, injini ilijishika. Tairi la nyuma likagoma kuzunguka, pikipiki ikalala na kuteleza katikati ya lami, na lori la mbao lililokuwa nyuma likashindwa kusimama kwa wakati. Halikumpita mwili mzima. Lilipita juu ya mguu wake wa kulia.

Ulikatwa juu ya goti.

Mchumba alikuja hospitali mara mbili. Mara ya tatu alikuja mjomba wake, akaongea na Nyamizi nje ya wodi, na harusi haikutajwa tena. Nyamizi alimwuzia mtu wa vyuma chakavu ile Honda palepale ilipokuwa imehifadhiwa, bila hata kwenda kuitazama. Alisema hataki kipande chake kirudi kwenye nyumba yoyote.

Baada ya kuruhusiwa, kidonda kilihitaji kusafishwa kila siku, na Kharumwa ilikuwa mbali na hospitali. Kwa hiyo Nyamizi na mwanawe wakaja kukaa Ngokolo, nyumbani kwa Raudha. Wanawake wawili walioepukana kwa miaka ishirini na sita wakawa wanakuna nazi kwenye mbuzi mmoja.

Nyamizi alikuwa mwanamke mpole, mwenye Kiswahili kizito cha kwao. Kwa Ibrahimu hakuwa na upole. Kila asubuhi alisimama mbele ya kitanda chake, ambacho Ibrahimu hakukitoka tangu ajali.

"Baba Mayala, mwanangu ulimpa jeneza lenye magurudumu. Fundi gani wewe? Ulikuwa na haraka ya nini?"

Yule mtu wa maneno kumi kwa moja aligeuza uso ukutani. Alikataa chakula. Alilia mbele ya wake zake wote wawili kama mtoto, kamasi zikimchuruzika kwenye ule mdomo uliopinda. Raudha alikuwa amepata kila alichokitaka, na zaidi. Alikaa jikoni akijipima kama ana furaha, na alichokiona ndani ni mguu.

Yeye ndiye aliyesafisha kidonda. Nyamizi hakuweza kukitazama. Raudha alichemsha maji ya chumvi, akafungua bandeji, akapangusa. Mayala alimpa hadithi za mashimoni ili asione anavyouma meno.

"Mama mkubwa, vidole vinaniwasha," alimwambia siku moja. "Vile ambavyo havipo. Nikune basi." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mungu akulipe. Mama yangu mzazi ameshindwa hii kazi. Wewe si damu yangu, lakini umeiweza."

Ijumaa hiyo, mchana, Raudha akawaita wote. Ibrahimu aliletwa sebuleni akaegemezwa kwa mito, Nyamizi akaketi kwenye mkeka, Mayala kwenye kiti, magongo yake pembeni. Raudha akabaki amesimama.

"Injini haikufa kwa kosa la Ibrahimu," akasema. "Niliiua mimi. Tundu la oili kwenye gasketi ya silinda sikulikata. Nilijua. Na wewe Ibrahimu, uliponiambia nichungulie, nilikuambia imefika, na haikuwa imefika. Nilijua."

Kisha kikatoka kicheko cha kukwaruza. Alikuwa Ibrahimu, anacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

"Wewe? Wewe ujue tundu la oili? Raudha, wewe ukiambiwa valvu unafikiri ni mboga. Ulichungulia ukaona ile oili niliyoipaka kwa mkono, ukadhani ndiyo yenyewe. Kosa ni langu, kumwuliza mwanamke jambo la ufundi. Unataka sifa hata ya kuharibu?"

"Nilijua, Ibrahimu. Ulinifanya nirudie maneno yote."

"Kasuku naye hurudia maneno. Nitolee upuuzi hapa."

Nyamizi alikuwa ameinuka. Alimshika Raudha mikono yote miwili, na macho yake yamejaa. "Dada, usifanye hivyo. Unambebea mzigo wake kwa sababu nimemsema sana. Nimekuelewa. Sitamsema tena. Kumbe moyo wako uko hivi, na mimi miaka yote nilikuogopa."

"Nyamizi, nisikilize…"

"Basi, dada. Basi."

Nyamizi alipomrudisha Ibrahimu chumbani, akiwa ameomba uji kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Mayala alibaki kwenye kiti chake.

"Hilo tundu," akauliza. "Lina ukubwa gani?"

"Kama punje ya mtama."

"Upande gani wa silinda?"

"Upande wa cheni. Nyuma ya bolti ya pili."

Mayala akaitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa fundi. "Kwa nini?"

Raudha akamweleza. Akamweleza juu ya sukari, khanga, macho ya Amira yaliyopanda, jua, na barabara kuu. Kijana hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na dada.

Alipomaliza, Mayala alitazama pale suruali ilipokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Mama mkubwa," akasema, "siku hiyo mimi nilikuwa na siku tatu."

Raudha alipiga magoti. Alinyoosha mkono kuelekea bandeji, kwa mazoea tu, kwa kuwa ilikuwa saa ya kusafisha. Mayala akaushika mkono huo kabla haujafika, akausogeza kando, si kwa nguvu.

"Usiniguse tena."

Aliondoka kesho yake na mama yake. Nyamizi hakuelewa haraka ya nini. Mayala alimwambia tu kwamba amechoka na mji, na kama ni kufa na kidonda, atafia kwao. Alipita mbele ya Raudha mlangoni, magongo yakigonga saruji, bila kuaga.

"Ng'wana wane, mwanangu, muage mama yako mkubwa!" Nyamizi alimwita kwa Kisukuma chake, ameona haya.

Hakugeuka.

Kule ndani Ibrahimu alisikia. "Hata kuaga hajui. Mtoto wa porini."

Nyamizi aliwasimulia wanawake wa mtaani, kabla ya kupanda basi, jinsi mke mwenzake alivyotaka kubeba kosa la mume lisilo lake. Habari ikaenea Ngokolo nzima. Mwezi wa saba jirani yao Chiku alikuja barazani na binti yake aliyekuwa akikaribia kuolewa, amejitanda khanga mpya, macho chini.

"Dada Raudha, nimekuletea huyu umfunde. Sisi wengine tutamwambia nini? Wewe ndiye unayejua kukaa na mume."

Binti alipiga goti. "Shikamoo, bibi."

Raudha alimtazama muda mrefu. Vidole vya binti vilikuwa vyembamba, vimepakwa hina.

"Mrudishe nyumbani," akamwambia Chiku.

"Kwa nini, dada?"

Kabla hajajibu, fimbo iligongwa ukutani chumbani mara tatu.

"We Raudha! Umekufa huko? Njoo unigeuze!"

Chiku akamtazama bintiye kwa maana, kama kumwambia, umeona? Raudha akainuka, akapangusa mikono kwenye khanga, akaingia ndani.